Ni mtu au ni mtaa? Kuhusu Walatino wa Houston na sigara zisizoachika

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Houston, Texas, mtaa wa Gulfton. Niliajiriwa kwa sababu ya Kiswahili, niwasaidie Wakongo, lakini Kihispania nimekiokota kazini na sasa zaidi ya nusu ya watu wangu wametoka Mexico, Honduras na El Salvador. Wanaume wengi wanavuta fegi tatu nne kwa siku, wengine wikiendi tu. Ukiwaambia waache wanakubali, wanakaa wiki, wanarudia. Mwenzangu kazini anasema ni uzembe wa mtu. Mimi naona ni mtaa, maana sigara zinauzwa kila kona. Nani kasema kweli? Na hizi dawa za kuacha zinamfaa mtu wa sigara chache?

JIBU: Marahaba, dada. Katika ubishi wenu mwenzako amekosea zaidi, lakini na wewe hujamaliza maneno. Mtaa unaisogeza sigara karibu na mkono. Saa ngapi mkono uinuke, na ukiwa pamoja na nani, hilo ni la mtu. Kwa wavutaji wa fegi chache mambo haya mawili yameshikana kuliko kwa mvutaji wa pakiti nzima, ndiyo maana ushauri wa kawaida wa kliniki unawapita pembeni.

Kwanza tuliangalie jina "Walatino", yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Takwimu za Marekani zinawatia Walatino wote kapu moja, na kapu linaonekana zuri: mwaka 2021 wavutaji walikuwa chini ya 8 katika kila watu wazima 100, wakati kwa nchi nzima ilikuwa 11.5. Limwage hilo kapu uone. Utafiti mkubwa uliowapima Walatino zaidi ya 16,000 wa Bronx (New York), Chicago, Miami na San Diego kati ya 2008 na 2011 ulikuta kwamba kwa watu wa asili ya Puerto Rico karibu mmoja kati ya watatu anavuta, wake kwa waume, lakini kwa watu wa asili ya Jamhuri ya Dominika ni kama mmoja kati ya tisa. Watu wa Mexico na Amerika ya Kati, yaani wako wewe, wako katikati, na kwao wanaume wanawaacha wanawake mbali. Ukipewa mwongozo "wa Walatino" uliotungwa kwa ajili ya watu wa Puerto Rico wa Bronx, usiubebe mzima mzima hadi Gulfton.

Uliza pia mtu amezaliwa wapi. Kwa jumla wahamiaji wanavuta kidogo kuliko watoto wao waliozaliwa Marekani, na tofauti hiyo ni kali zaidi kwa wanawake. Mama aliyetoka Honduras huenda hajawahi kugusa sigara maishani, lakini binti yake aliyekulia Houston akafuata desturi za wenzake wa shuleni. Nyumba moja, mazungumzo mawili tofauti.

Sasa hizo fegi tatu nne. Uchache huu unawachanganya watu wote. Daktari haulizi, kwa sababu mgonjwa hakohoi wala hanuki moshi. Imeonekana mara nyingi kwamba wavutaji wa Kilatino hushauriwa na madaktari kuacha, na huandikiwa dawa, kwa uchache kuliko Wazungu. Mvutaji mwenyewe naye hajioni mvutaji. Muulize "¿usted fuma?" (unavuta sigara?) atakujibu hapana bila kudanganya, kwa sababu kichwani mwake mvutaji ni yule wa pakiti. Badala yake uliza kama amevuta hata moja ndani ya siku 30 zilizopita, halafu uliza Jumamosi iliyopita alivuta ngapi. Hapo ndipo utasikia sita au nane.

Na usikubali neno kwamba chache hazidhuru. Kwa moyo, sigara moja tu kwa siku inabeba karibu nusu ya hatari ya ziada inayobebwa na mvutaji wa sigara ishirini. Mapafu huhesabu fegi moja moja, lakini mishipa ya damu hukasirika mapema na kwa moshi kidogo tu. Hili waelezwe bila kutishwa.

Ungetegemea mtu wa sigara chache aache kwa urahisi. Walatino wanajaribu kuacha angalau kama watu wengine, lakini wanafanikiwa kwa kiwango kidogo kuliko ambacho uchache wa sigara zao ungetufanya tutegemee. Sehemu ya maelezo ilishapatikana San Francisco miaka ya 1980, pale watafiti Eliseo Pérez-Stable na akina Marín walipowauliza wavutaji wa Kilatino na wa Kizungu wanavuta lini na kwa nini waache. Wazungu walitaja zaidi mambo ya mazoea na arosto. Walatino walitaja zaidi kuvuta wakiwa na watu, na sababu zao za kuacha zilikuwa watoto: moshi kuwadhuru, kuwapa mfano mbaya, harufu ya kinywa kuwakera wa nyumbani. Kwa lugha nyingine, sigara ya mtu wako haikukaa sana kwenye damu, imekaa kwenye baraza.

Vuta picha ya Ijumaa jioni kwenye maegesho ya apatimenti yoyote pale Gulfton. Pikapu imefunguliwa nyuma, kuna boksi la barafu lenye bia, watu watano wametoka kujenga, buti zina vumbi la saruji. Mmoja tu ana pakiti. Anaipitisha kama sisi tunavyopitisha sahani ya kashata. Kijana aliyeacha Jumatatu yuko siku ya tano, arosto yake imeshaanza kupoa, hana hata kiberiti mfukoni. Akiikataa ile sigara anakataa mkono wa compadre, mtu aliyesimamia ubatizo wa mwanawe. Ndivyo anavyoanza tena, na Jumatatu mwenzako ataandika kwenye faili kwamba hana nia.

Tuje kwenye mtaa. Hapa una bahati, kwa sababu utafiti mmoja muhimu ulifanyika Houston kwenu, ukawafuatilia wavutaji wa makabila mbalimbali waliokuwa wanaacha, ukachapishwa mwaka 2011. Ulipima mambo mawili: idadi ya maduka ya sigara yanayoizunguka nyumba, na umbali kutoka mlangoni hadi duka la karibu kuliko yote. Idadi haikutabiri kitu. Umbali ulitabiri. Walioishi chini ya mita 500 kutoka duka, na hasa chini ya mita 250, walishindwa zaidi kukaa bila sigara kwa miezi sita kuliko walioishi mbali. Hata Finland, utafiti uliotoka 2016 ulikuta kwamba duka likiwa mbali na nyumba, watu wanaacha zaidi. Hivyo "kila kona" yako irekebishe kidogo: lililo na nguvu ni lile duka moja ambalo mtu hulifikia akiwa bado na kandambili miguuni.

Ukifikiri kidogo inaeleweka. Kiu ya sigara ikipanda hudumu dakika chache, mara nyingi haifiki kumi. Duka likiwa dakika kumi na tano kwa mguu, kiu inakufa njiani. Likiwa dakika mbili, mtu ameshawasha. Bei nayo inasaidia ubaya: ushuru wa jimbo la Texas ni dola 1.41 kwa pakiti na haujapanda tangu 2007, wakati New York ni dola 5.35. Na ijapokuwa sheria ya nchi inakataza kuuza sigara moja moja, mwenye duka wa mtaani akikufahamu anaweza kukukatia moja, kama dukani kwa Mangi. Kwa mtu wa fegi tatu hiyo ni hatari kuliko pakiti, maana hana haja ya kuamua kununua.

Mtaa una upande wake mzuri, na huu watu wanausahau. Walatino wengi, hata wavutaji, hawaruhusu moshi ndani ya nyumba. Mtoto kuvuta mbele ya wazazi ni kuwakosea adabu, jambo ambalo mtu wa Pwani halihitaji kufafanuliwa. Wahamiaji wakikaa pamoja, desturi hizi zinabaki na nguvu, na zinawalinda hasa wanawake. Tatizo ni kwamba sheria ya ndani inamsukuma mwanamume maegeshoni, palepale penye wenzake. Kinga ya watoto imegeuka kuwa kijiwe cha baba.

Kwa kazi yako, anza na karatasi. Mpe mtu wiki moja ya kuvuta kama kawaida, lakini kila sigara aandike herufi mbili nyuma ya pakiti au kwenye simu: wapi, na nani. Siku saba zinatosha. Ukikaa naye chora mtaa wake kwa mkono: nyumba, kituo cha basi, kazi, duka, kanisa, sheli, sehemu ya kunywa. Weka nukta kwa kila sigara. Mara nyingi nukta kumi na tano kati ya ishirini zinaangukia sehemu mbili au tatu tu. Hapo hahitaji ushujaa wa wiki nzima, anahitaji mpango wa sehemu tatu.

Njia ya kutoka kituoni ikipita mbele ya duka lile, ashukie kituo kinachofuata kwa wiki nne za mwanzo. Kama mafuta anajazia sheli inayouza sigara (na karibu zote zinauza), alipie kwa kadi kwenye pampu asiingie ndani. Kumwambia tu "usiende kwa wenzako" ni kazi bure. Mhamiaji hana watu wa kutupa. Lakini anaweza kubadilisha kazi yake kwenye kikao: ashike koleo la kuchoma nyama, kwa sababu mchomaji mikono yake haina nafasi. Bia za wiki tatu za mwanzo zipunguzwe au ziachwe, pombe ikizidi maazimio yote yanayeyuka. Ila kama mtu anakunywa sana kila siku, asiikatishe pombe ghafla bila daktari. Arosto ya pombe inaweza kumuua, ya sigara haiui.

Na mfundishe maneno ya kukataa, ayaseme kwa sauti mbele yako mpaka yatoke bila aibu. "Ya no, compadre, se lo prometí a mi hija." Nimeshaacha, nilimwahidi binti yangu. Kauli hiyo inafaa kuliko "daktari amenikataza", kwa sababu haimuaibishi anayetoa, na hakuna compadre atakayebishana na ahadi aliyopewa mtoto. Ahadi iwe ya kweli basi: aitoe nyumbani kabla ya siku ya kuacha, mke na watoto wakisikia. Siku yenyewe isiwe Ijumaa wala Jumamosi. Jumapili jioni au Jumatatu inampa siku nne tano za kupumua kabla ya mtihani.

Umeuliza kuhusu dawa. Ndiyo, zina kazi, lakini kipimo usikipige kwa macho. Swali la kwanza ni: baada ya kuamka, sigara ya kwanza anaivuta baada ya muda gani? Ndani ya dakika 30 maana yake nikotini imemshika, hata kama kwa siku ni tano tu. Wapo watu wa sigara tano ambao kila moja wanaivuta mpaka kwenye kichungi, na mwili wao unadai.

Anayevuta kila siku lakini si zaidi ya 10 huanza na plasta ya nikotini ya miligramu 14 kwa wiki sita, kisha 7 kwa wiki mbili. Anayezidi 10 huanza na 21 kwa wiki sita, halafu 14 na 7, wiki mbili mbili. Plasta ibandikwe asubuhi, juu ya bega au mgongo wa juu, ngozi kavu isiyo na nywele wala losheni, ibonyezwe kwa kiganja sekunde kumi. Joto la Houston ndilo linaloziharibu: fundi wa paa anatoka jasho saa nne asubuhi, plasta inabaki kwenye shati, yeye anasema dawa haifanyi kazi. Ibanwe kwa plasta ya kawaida ya kidonda juu yake. Kila siku ibadilishwe mahali, ngozi isiwashe. Akiota ndoto za ajabu, aivue akilala.

Jojo ya nikotini ndiyo inayotumika vibaya kuliko zote, kwa sababu inaitwa jojo. Mtu anaitafuna kama ya dukani, nikotini yote inamezwa, anapata kwikwi na kiungulia, anaitupa. Sivyo. Atafune taratibu mara chache mpaka asikie ukali kama wa pilipili manga au mchonyoto mdomoni, hapo aache, aikandamize kati ya shavu na fizi, atulie. Ukali ukiisha atafune tena, aihamishie upande wa pili. Moja inakaa kama dakika 30. Robo saa kabla yake na wakati ipo mdomoni asinywe kahawa, soda wala juisi, kwa sababu tindikali inazuia nikotini isipenye kwenye fizi. Kwa watu wanaoshinda na soda mkononi hapa ndipo dawa inapofia. Miligramu 4 ni kwa yule wa sigara ndani ya dakika 30. Wengine wote 2. Isizidi 24 kwa siku. Plasta na jojo vikitumika pamoja, plasta kwa siku nzima na jojo kwa dharura, vinashinda kimoja peke yake.

Wa wikiendi tu usimpe plasta. Kwake hata jojo ushahidi wake ni hafifu. Nguvu zako zipeleke kwenye ramani na ahadi.

Vareniklini, vidonge vya kuacha sigara, huandikwa na daktari, na kwa anayevuta kila siku ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza. Huanzwa wiki moja kabla ya siku ya kuacha: nusu miligramu mara moja kwa siku tatu, nusu mara mbili kwa siku nne, kisha miligramu 1 mara mbili kwa siku hadi zitimie wiki 12. Inywewe baada ya chakula na glasi kubwa ya maji, la sivyo kichefuchefu kitamfanya aiache siku ya tatu. Hofu ya kwamba inaleta wazimu ilipimwa kwa watu zaidi ya 8,000 katika jaribio lililotoka 2016, na haikuonekana kuzidisha matatizo ya akili kwa kiwango cha kutisha. Bupropioni, kidonge kingine cha kuacha sigara, asipewe mwenye kifafa. Mjamzito, au mtu aliyepata mshtuko wa moyo majuzi, aanzie kwa daktari.

Utakutana na mtu anayesema nikotini ndiyo inayoleta saratani, hivyo plasta ni sigara nyingine. Mwambie nikotini ndiyo inayomfunga, lakini kinachomuua ni moshi, na plasta haina moshi.

Gharama ni kikwazo cha kweli, maana Texas haijapanua Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na wengi wa watu wako hawana bima. Kliniki za jamii zinazotoza kulingana na kipato ndizo mlango wa vidonge. Kwa simu kuna laini ya Kihispania, 1-855-335-3569, inayompeleka mpigaji kwenye huduma ya jimbo lake. Usimpe namba kwenye karatasi ukaishia hapo. Wengi wanaogopa kutaja jina kwa mtu wasiyemjua. Piga ukiwa umekaa naye, msalimie mshauri, ndipo umkabidhi simu. Na msidharau karatasi za Kihispania. Watafiti wa Moffitt, kituo cha saratani kule Tampa, waliwatumia wavutaji wa Kilatino vijitabu kwa posta kwa miezi 18. Baada ya miaka miwili karibu theluthi yao walikuwa hawavuti, dhidi ya kama robo ya waliopewa kijitabu cha kawaida.

Baada ya siku ya kuacha mtafute siku ya pili, ya saba, ya kumi na nne na ya thelathini. Wengi huteleza ndani ya siku nane za mwanzo, kwa hiyo hizo mbili za mwanzo ndizo zenye uzito. Akiwa na plasta akavuta moja Jumamosi, asiivue plasta na asianze kuhesabu upya kama aliyefungua saumu. Muulize ilikuwa wapi na nani, ongeza nukta kwenye ramani. Akilalamika moyo unadunda na hapati usingizi, muulize kuhusu kahawa. Moshi ulikuwa unaharakisha ini kuivunja kafeini. Ukikoma, vikombe vilevile vinne vinampiga kama vinane. Apunguze nusu. Anayetumia dawa za akili kama klozapini au olanzapini amwambie daktari wake kabla ya kuacha, kwa sababu hiyohiyo ya ini. Kilo nne au tano zinaweza kuongezeka ndani ya mwaka, aelezwe mapema.

Kuhusu mtaa wenyewe, duka huwezi kulihamisha. Kijiwe unaweza. Karibu Gulfton yote inakaa kwenye apatimenti, na meneja wa jengo binafsi ana uwezo wa kuamua moshi uanzie wapi. Nenda kwake na akina mama watatu wanaoishi palepale, siyo peke yako na kitambulisho cha kliniki, mwombe jambo dogo: benchi na pipa la vipisi vitoke chini ya ngazi ambako kila mtu anapita akirudi kazini, viende mwisho wa uzio. Chukua ramani tano za watu wako, bila majina, mwoneshe nukta zimelundikana wapi.